Virutubisho vya Ziada na Mafuta Kwenye Damu: Uliza Kabla ya Kununua

Mazungumzo ya idara ya afya kwa wakazi katika baraza la afya ya jamii



Siku hizi mtu akipimwa na kuambiwa mafuta kwenye damu yamezidi, ushauri humjia kutoka kila upande. Jirani anamwambia atafune kitunguu saumu. Muuzaji kwenye steji ya matatu ana chupa ya “kuosha mishipa”. Mwezi unapoisha, pesa zimekwenda na dawa alizoandikiwa hospitalini hazijaguswa. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mafuta haya hayaumi. Wengi hushtuka mshipa wa moyo au wa ubongo ukiwa umeshaziba.

Mara nyingi tatizo hili haliji peke yake. Madaktari husema mtu ana sindromu ya kimetaboliki akiwa na angalau mambo matatu kati ya haya matano: kiuno kipana, mafuta aina ya trigliseridi yanayofika 1.7 au zaidi. Kolesteroli nzuri, yaani HDL, iliyo chini. Presha ya 130/85 au zaidi. Na sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula. Mambo hayo yakikutana, hatari ya kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo huongezeka.

Je, virutubisho vya ziada husaidia? Vingine husaidia kidogo. Mafuta ya samaki hushusha trigliseridi, lakini kwa gramu 2 hadi 4 za omega-3 kila siku. Tembe ya kawaida ya miligramu 1,000 mara nyingi huwa na takriban miligramu 300 tu za omega-3 yenyewe. Kufikisha gramu 4 ni kumeza tembe 13 hivi kwa siku, na kipimo kikubwa namna hiyo huhitaji usimamizi wa daktari.

Mchele mwekundu uliochachushwa una kemikali ya monakolini K, ambayo ni sawa na dawa ya hospitali iitwayo lovastatini. Kwa hivyo unaweza kudhuru misuli na ini kama dawa hiyo, ila kiasi chake hubadilika kutoka chupa moja hadi nyingine. Mama mjamzito asiutumie.

Mwaka wa 2022, watafiti nchini Marekani walilinganisha kipimo kidogo cha dawa ya rosuvastatini na virutubisho sita: mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli za mimea na mchele huo mwekundu. Watu 190 walikamilisha utafiti huo wa siku 28. Dawa ilishusha kolesteroli mbaya, yaani LDL, kwa karibu asilimia 38. Hakuna kirutubisho hata kimoja kilichoishusha kwa kiwango cha maana kuliko tembe tupu isiyo na dawa. Ni kweli utafiti ulikuwa mfupi, na uligharimiwa na kampuni inayotengeneza dawa hiyo. Hata hivyo, tofauti ilikuwa kubwa mno.

Msaada wa bei nafuu uko jikoni. Maharagwe, ndengu, kunde na oti zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Gramu 5 hadi 10 kwa siku hushusha kolesteroli mbaya kwa takriban asilimia 5. Omena ina omega-3. Punguza soda, sukari kwenye chai, chipsi na pombe, kwani vyakula na vinywaji hivi hupandisha trigliseridi. Tembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki.

Anayetumia dawa asiiache bila kumuuliza daktari. Anayetumia warfarini asianze tembe za kitunguu saumu wala za mafuta ya samaki kabla ya kuuliza, kwa sababu anaweza kuvuja damu. Unapokwenda kliniki, beba kila chupa unayotumia, hata ile ya mitishamba. Hakuna atakayekugombeza.

Mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kukupima presha na sukari nyumbani. Mafuta hupimwa kwa damu kwenye maabara. Pima kwanza, ndipo utoe pesa mfukoni.