Jua ni la wote, lakini paa ni la nani?

Leo tunakwenda Durban, mji wa bandari ulioko pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, na hasa katika kitongoji cha Sydenham, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Tunakwenda huko kutazama jambo linalozishughulisha serikali nyingi, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki: msaada wa fedha za umma kwa wenye nyumba na wenye biashara, ili wapunguze umeme wanaoutumia. Swali letu ni jepesi kulitamka, ingawa jibu lake ni zito. Msaada huo humfikia nani?

Sydenham ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo. Wakaazi wake wengi ni watu wenye asili ya Kihindi na wale wa asili mchanganyiko, ambao sheria ya mwaka 1950 ya kutenganisha makaazi kwa rangi iliwapangia mahali pa kuishi. Zipo nyumba zenye uzio na lango, yapo maghorofa ya wapangaji, yapo maduka madogo. Na jirani kabisa, katika eneo la Clare Estate, kipo kijiji cha vibanda vya mbao na mabati cha Kennedy Road. Jua linalochomoza kutoka Bahari ya Hindi huwaangazia wote kwa usawa.

Mpenzi msikilizaji, tuanze na maji ya kuoga. Katika nyumba nyingi za watu wa kipato cha kati nchini Afrika Kusini, hita ya maji ndiyo inayokula umeme kuliko kifaa kingine chochote. Sehemu yake hufikia thuluthi moja ya ankara au zaidi. Kwa hiyo, taifa lilipokumbwa na mgao mkali wa umeme mwezi Januari mwaka 2008, shirika la umeme la Eskom lilianza kutoa ruzuku kwa wanaonunua hita zinazotumia jua. Mwaka uliofuata, Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dipuo Peters, akatangaza lengo la kufunga hita milioni moja katika muda wa miaka mitano.

Lengo hilo halikufikiwa. Muda ulipokwisha, zilikuwa zimefungwa chini ya nusu yake. Mwaka 2015 mpango ukaondolewa mikononi mwa Eskom na kukabidhiwa wizara, na baadaye ikadhihirika kwamba makumi ya maelfu ya hita zilizokwisha kununuliwa zilikuwa zimelala maghalani, serikali ikizilipia kodi ya ghala. Hita iliyo ghalani haimpashii mtu maji. Ndiyo maana ni vyema, tunaposikia serikali ikitangaza idadi ya vifaa vilivyonunuliwa, tuulize ni vingapi vimefungwa, na ni vingapi bado vinafanya kazi.

Wakati huo huo ilitumika njia ya sheria. Tangu mwaka 2011, kanuni za ujenzi za Afrika Kusini zimetaka angalau nusu ya maji ya moto katika jengo jipya yapashwe kwa njia nyingine isiyokuwa hita ya kawaida ya umeme. Kanuni hiyo ni njema, kwani haiigharimu hazina ya serikali. Lakini haiigusi nyumba iliyojengwa miaka 40 au 50 iliyopita isipokuwa mwenyewe anapoiongeza au kuibadilisha, na nyumba za namna hiyo ni nyingi katika vitongoji vya zamani.

Mgao wa umeme ulifikia kilele mwaka 2023, ambapo siku zilizopita bila umeme kukatwa kwa zamu zilikuwa chache mno. Serikali ikaleta nafuu ya kodi. Mtu binafsi aliyefunga paneli mpya za jua nyumbani kwake kati ya tarehe 1 Machi 2023 na 29 Februari 2024 aliweza kupunguziwa kodi ya mapato kwa robo ya bei ya paneli hizo, mradi isizidi randi 15,000.

Hebu tuipige hesabu hiyo kwa utulivu. Ili kuipata nafuu yote, sharti mtu awe ametumia randi 60,000 kwa paneli peke yake. Betri na inveta, ambavyo mara nyingi ndivyo ghali zaidi, havikuhesabiwa. Fedha zilitangulia kutoka mfukoni, na nafuu ikaja baadaye, wakati wa kukokotoa kodi. Tena, kwa kuwa ilikuwa ni punguzo la kodi, yule ambaye mapato yake hayakufikia kiwango cha kutozwa kodi, yaani takriban randi 95,750 kwa mwaka, hakupata kitu. Sheria haikumkataza mpangaji aliyegharimia paneli kudai nafuu hiyo. Lakini ni mpangaji gani atakayetumia akiba yake kulipamba paa la mwingine, ilhali anaweza kuambiwa ahame mwisho wa mwezi?

Mwezi Agosti mwaka huo huo ukazinduliwa mpango wa dhamana ya mikopo. Benki zilikopesha fedha za kufunga umeme wa jua, na serikali ikakubali kubeba asilimia 20 ya hasara ya mwanzo iwapo wakopaji wangeshindwa kulipa. Mpango huo ulifungwa Agosti 2024. Dhamana ilimlinda mkopeshaji, ila uamuzi wa nani akopeshwe ulibaki kwa benki. Na mwenye duka ambaye benki ilimkataa jana, leo pia huenda asikubaliwe.

Biashara zilikuwa na milango mingine. Tangu Novemba 2013, kampuni inayothibitisha kwamba imeokoa umeme imeweza kupunguza mapato yake yanayotozwa kodi kwa senti 45 kwa kila uniti iliyookolewa, kiwango kilichopandishwa hadi senti 95 mwaka 2015. Lakini uokoaji huo lazima upimwe na wataalamu walioidhinishwa, kisha kitolewe cheti. Kwa kiwanda kikubwa, gharama hiyo si mzigo. Kwa mwoka mikate wa Sydenham mwenye tanuri moja, ada ya mtaalamu yaweza kuimeza faida yote.

Wasikilizaji wapenzi, sasa tuvuke barabara hadi Kennedy Road. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, manispaa ilisitisha kuunganisha umeme katika vijiji vya vibanda kama hiki. Watu waliwasha mishumaa na majiko ya mafuta ya taa, na moto ukateketeza vibanda mara kwa mara. Mwaka 2005 wakaazi waliifunga barabara kwa maandamano, na kutokana nayo likazaliwa vuguvugu la Abahlali baseMjondolo, ambalo pamoja na ardhi na nyumba lilidai umeme. Na ng'ambo ya kijiji lilikuwepo jaa kubwa la taka la Bisasar Road, ambapo manispaa ilianza kuvuna gesi ya taka na kuzalisha umeme. Umeme ulizaliwa jirani yao, ukapita juu ya mabati yao, ukaenda zake.

Tangu mwaka 2003 Afrika Kusini ina sera ya kuzipa familia maskini uniti 50 za umeme bure kila mwezi. Lakini uniti za bure zinahitaji mita, na mita inahitaji waya halali.

Haya si ya Durban pekee. Mombasa wapo watu wengi wenye nyumba bila ardhi: kuta na paa ni vyao, kiwanja ni cha mwingine. Benki itaipokea rehani gani? Dar es Salaam, nyumba moja ya Kiswahili huwa na wapangaji wa vyumba sita wanaochanga fedha za LUKU kwenye mita moja. Nafuu ya kodi kwa mwenye nyumba haitawafikia hao. Kwa upande mwingine, Kenya imetuonyesha tangu mwaka 2012, kupitia kampuni ya M-KOPA, kwamba mtu asiye na hati ya ardhi anaweza kuumiliki mtambo mdogo wa jua kwa kutoa kianzio na kulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Huo haukuwa msaada wa serikali, lakini fundisho lake ni la serikali: mpango ulipimwa kwa mfuko wa mtumiaji.

Basi, pale serikali yako itakapotangaza ruzuku au mkopo wa namna hii, sikiliza mambo matatu. Je, fedha zinakuja kabla ya kununua au baada? Je, mpangaji ana nafasi yake, au ni mwenye paa tu? Na kifaa kikiharibika mwaka wa tatu, nani atakitengeneza? Mpango usiojibu hayo huwasaidia zaidi wale ambao wangeweza kujisaidia wenyewe, na bili ya umeme ya aliyebaki nyuma huendelea kupanda.