Mvua katika Simu



Ukipanda kwa mvua ya kudanganya, mbegu hukauka. Mwaka 2025 serikali ya India ilitumia akili bandia, yaani kompyuta zilizofundishwa kwa kumbukumbu za hali ya hewa za miaka mingi. Wakulima kama milioni 38 walipelekewa ujumbe wa simu kuhusu mwanzo wa mvua. Mvua zilianza mapema, kisha zikasita karibu siku 20. Kompyuta zilikuwa zimebashiri hivyo. Aliyesoma ujumbe aliweza kungoja.

Kompyuta hailiti mvua, na ubashiri huweza kukosea. Lakini ujumbe ni maandishi. Tulipoanza kisomo, wengine walituuliza: "Mzee asome ili iweje?" Jibu ndilo hilo, ndugu. Tuzidi kusoma, tusingoje kusomewa.