Tone Juu ya Tone

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni)

 

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya barafu. Huenda mtu akacheka na kusema, "Barafu yatuhusu nini sisi?" Ni kweli, wengi wetu twaiona kwa mbali tu, ile nyeupe iliyo juu ya Mlima Kenya. Au twaijua kwa mvua ya mawe inayopiga majani ya chai kule Kericho na Nandi, ikamwacha mkulima akitazama kazi yake imelala chini. Lakini iko barafu ya namna nyingine, ambayo haina kishindo inapoanguka. Hiyo ndiyo tutakayoisimulia.

Ni habari ya Januari mwaka 1998. Wale waliokuwa watu wazima wakati ule wakumbuka jinsi hali ilivyokuwa hapa kwetu. Yalikuwa majira ya mvua za El Niño. Madaraja yalichukuliwa na maji, barabara ya Mombasa ilikatika, na kule Garissa watu na mifugo walikufa kwa homa ya Bonde la Ufa. Majira hayohayo, sisi tulipokuwa tukililia mafuriko, watu wa mashariki ya Kanada na kaskazini-mashariki ya Marekani nao walikuwa wakililia mvua. Ila mvua yao iligeuka barafu mara ilipogusa kitu.

Yafaa tueleze jinsi jambo hilo linavyotokea. Kwa kawaida, kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo baridi inavyozidi. Lakini katika nchi zile, ziko siku za majira ya baridi ambapo mambo hupinduka. Hewa ya joto yenye unyevu mwingi hutoka kusini, ikapanda juu ya hewa ya baridi iliyolala chini. Hewa ya baridi ni nzito, wala haiondoki upesi, hasa ikiwa imetulia bondeni, kama katika bonde la mto Saint Lawrence. Basi theluji itokayo mawinguni hupita katika ile hewa ya joto, ikayeyuka na kuwa mvua. Kisha mvua hiyo huingia katika hewa ya baridi iliyo karibu na ardhi. Kama tabaka hilo la baridi ni nene, matone huganda njiani na kufika chini yakiwa punje za barafu. Lakini likiwa jembamba, matone hayapati nafasi ya kuganda. Hufika chini yangali maji, ingawa baridi yake imepita kiwango cha kuganda. Yakigusa tawi, waya, paa au barabara, papo hapo huganda na kushikamana nayo.

Ndugu msikilizaji, tone moja la mvua lina uzito gani? Halivunji hata unyasi. Siku ya kwanza watu wengi walisimama madirishani wakitazama, na matawi yaling'aa kama kioo. Lakini mvua haikukoma. Ilianza yapata tarehe 5 Januari, ikaendelea kwa vipindi mpaka tarehe 10, na kwa jumla ilinyesha zaidi ya saa 80. Kusini ya jiji la Montreal, mahali pengine ilifikia milimita 100 hivi. Hapa kwetu mvua ya kiasi hicho ingeteremka mtoni ikaenda zake. Kule haikwenda popote. Ilikaa juu ya kila kitu ilichokigusa, tone juu ya tone, mpaka waya ukawa mnene kama kifundo cha mkono.

Ndipo vitu vilipoanza kuvunjika. Usiku watu walisikia matawi yakipasuka kama milio ya bunduki. Miti mingi iliharibika, hata ile ambayo jani lake limewekwa katika bendera ya Kanada, na ambayo wakulima huchemsha utomvu wake na kupata kitu kitamu kama asali. Minara ya chuma inayobeba nyaya kubwa za umeme, ipatayo 1,000, ilipinda ikaanguka, mmoja ukimvuta mwenzake. Nguzo za mbao zipatazo 30,000 zilivunjika. Katika nchi hizo mbili watu zaidi ya milioni 4 walikosa umeme, wengine kwa siku chache, wengine kwa zaidi ya mwezi mzima. Eneo lililo kati ya miji ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu lilikaa bila taa muda mrefu hata likaitwa pembetatu nyeusi.

Sasa fikirini. Kule umeme si wa taa tu. Katika nyumba nyingi, ndio unaowapa watu joto wakati wa baridi kali. Tena mnamo 9 Januari mitambo ya kusafisha maji ya Montreal nayo ilikosa umeme. Jiji hilo liko kisiwani, katikati ya mto mkubwa, na lilikaribia kukosa maji. Kule mashambani ng'ombe walisimama mazizini viwele vimejaa, kwa maana walizoea kukamwa kwa mashine. Ninyi mnaofuga ng'ombe mwajua maumivu ya mnyama asiyekamwa, na ugonjwa wa kiwele unaofuata. Hata maziwa yaliyopatikana, mengi yalimwagwa, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuyapoza wala kuyafikisha kiwandani.

Katika Kanada watu wapatao 28 walikufa. Tusidhani kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Bwana Yesu alipotaja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, aliwakataza wasikilizaji wake kuwaza hivyo, bali aliwataka kila mmoja ajiangalie mwenyewe. Nasi tukiitazama ile minara ya chuma iliyolala chini, tusiulize wale walikosa nini. Na tujiulize sisi tumejifunza nini.

Wengine katika wale waliokufa waliuawa na baridi ndani ya nyumba zao wenyewe. Wengine walitafuta joto kwa kuwasha moto au mashine mahali palipofungwa, nayo hewa ya sumu ikawaua. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu husikia kichwa kizito, husikia usingizi, hulala, naye haamki tena. Hapa, wapendwa, hatuzungumzi tena juu ya Kanada. Twazungumza juu ya Limuru, Kinangop na Molo, katika miezi ya Juni na Julai, baba anapoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha ili watoto wasisikie baridi. Anafanya hivyo kwa upendo. Lakini ni makaa yaleyale na hewa ileile. Twawasihi, jiko likae nje. Mkilazimika kupikia ndani, fungueni dirisha na mlango, wala msilale kabla ya kulitoa. Hata makaa yaliyofifia yangali yanatoa sumu hiyo. Mwambie na jirani yako, ambaye labda hana redio.

Na tuangalie sasa jinsi watu walivyookoka. Serikali ya Kanada iliwatuma askari zaidi ya 15,000 kusaidia. Katika mji wa Boucherville walitoa kichwa cha gari la moshi relini, wakakiendesha barabarani mpaka karibu na ofisi za mji, ili mtambo wake utoe umeme. Hayo yalikuwa mambo makubwa. Lakini wengi walisaidiwa kwa mambo madogo. Shule na makanisa yalifunguliwa, watu wakatandikiwa vitanda humo. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi, kwa kuwa wazee wengine walikuwa wamejifungia ndani wakisema, "Sisi hatutoki, tutavumilia." Mtu aliyekuwa bado na jiko lake la kuni la zamani, ambalo pengine jirani zake waliliona kuwa limepitwa na wakati, sasa alikuwa mwenyeji wa nyumba tatu au nne. Na kule mashambani jenereta moja ilipelekwa kutoka zizi hadi zizi. Mkulima aliwakamua ng'ombe wake upesi, kisha akaipakia garini na kuipeleka kwa jirani aliyekuwa akingoja, hata kama ilikuwa usiku wa manane.

Wapendwa, hilo ndilo tulilotaka kuwaambia asubuhi hii. Nguzo zile hazikuvunjwa na pigo moja. Zilivunjwa na uzito uliokuja kidogo kidogo, bila mtu kuuona ni hatari. Na mizigo ya watu wetu huja vivyo hivyo. Mjane anaanza kwa deni dogo dukani. Kisha mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kisha mguu unavimba, naye hana nauli ya kwenda hospitali. Kila jambo peke yake ni tone tu. Nasi tunaoketi naye kanisani twamwona Jumapili amevaa kitambaa chake cheupe, twasema, "Mama huyu ana nguvu." Mpaka siku moja twasikia ameanguka, nasi twashangaa.

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya kubebeana mizigo, hakusema tungoje mpaka mtu aanguke. Na haitupasi kungoja mpaka tuwe na vitu vikubwa. Mkulima yule hakuwa na jenereta kumi. Alikuwa na moja, na pengine hata hiyo ilikuwa ya kuazima, lakini hakuifungia zizini mwake.

Basi juma hili twaomba jambo moja tu. Wazee wa kanisa, mashemasi, akina mama wa vikundi, nanyi vijana, mchague nyumba moja ambayo mlango wake haujabishwa hodi siku nyingi. Pengine ni ya mzee anayekaa peke yake, au ya yule aliyeacha kuja kanisani nanyi mkanyamaza. Nendeni mkaketi naye, mkamwulize hali yake, na mkasubiri jibu la pili, kwa maana la kwanza daima huwa "Hatujambo."

Na wewe unayetusikiliza, uliyebeba mengi ukanyamaza, usijifungie ndani ukisema utavumilia. Fungua mlango wanapobisha.

Na tuombe. Ee Baba, wewe wajua uzito ulio juu ya kila mmoja wetu, hata ule usioonekana na watu. Uwahifadhi wanaolala katika baridi usiku wa leo. Utufundishe kubisha hodi kabla nguzo haijavunjika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, mpaka juma lijalo tukijaliwa.