Jani la Mgomba Halina Buluu: Ishara za Dini katika Picha za Kubandika



Ubao huu uzunguke, kila mtu aupapase. Ni Bikira Maria na Mtoto, kazi ya majani makavu ya mgomba, wembe na gundi. Kimekosekana nini? Buluu. Wachoraji wa Ulaya walimvika Maria buluu ya jiwe lililosagwa, lililotoka mbali huko Afghanistan, na ughali wake wenyewe ulikuwa heshima kwake. Mgomba hautoi buluu. Hutoa rangi ya udongo, ya asali na ya moshi. Basi Maria wetu amevaa kahawia, kama mama anayetoka shambani Kabare. Wapo mafundi wanaoona haya wakaongeza rangi ya kopo. Mimi huwaambia waache, au kama ni lazima, wabandike kipande cha kikwembe.

Maana katika kubandika, kitu husema kabla ya umbo. Hapa Bushi, Kivu Kusini, mgomba ndio kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na kasiksi hunywewa harusini na penye upatanisho. Ukitengeneza Karamu ya Mwisho kwa jani hilo, kinywaji kimeshafika mezani kabla hujakata kikombe.

Tumezoea kusoma kwamba sanaa hii ya kubandika ilianza Ufaransa mwaka 1912, Picasso na Braque walipobandika vipande kwenye picha zao. Sawa, kwa historia ya Paris. Lakini Walega wa Mwenga na Shabunda walikuwa na mutanga, kamba ya kuning'inizia vitu vidogo vidogo: unyoya, kijiti, gamba, ganda. Kila kimoja kilibeba methali. Ajuaye hukishika, akaisema, na wenzake wakaijadili. Kofia na vikapu vya chama chao cha Bwami navyo vilikusanya kauri, magamba, midomo ya ndege na mikia ya tembo. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na vitu vyake vingi leo vimo makumbushoni Ulaya. Viliitwa miungu, ilhali vilikuwa vitu vya kufundishia na alama za cheo.

Hapo ndipo nina ugomvi kidogo na baadhi yetu wasanii. Nimeona Kristo aliyebandikwa kauri kwenye paji la uso, na mwenye kazi akanieleza kwamba wageni wanapenda. Kauri imegeuka kipuli! Kwa Mlega mzee, umempa Yesu cheo. Ulikusudia? Kama ulikusudia, umehubiri mahubiri makubwa. Kama hukukusudia, kitu kimesema bila wewe.

Tumtazame na kakakuona, mwenye magamba. Bwami ilikataza kumuua, na Walega husimulia kwamba ndiye aliyewafundisha watu kuezeka, kwa jinsi magamba yake yanavyolaliana. Sasa geuzeni ubao, mwangaza uingie ubavuni. Vazi la Maria limeanzia kwenye pindo. Kila kipande cha juu kimelalia cha chini, mpaka mabegani. Nilimuuliza fundi wa ubao huu alijifunza wapi kubandika hivyo. Akasema hakufundishwa na mtu, ila alipokuwa mtoto alimpasia baba yake majani, mzee akiwa juu ya paa.