Kafuri Iliyomo Katika Jani: Hotuba kwa Watu wa Sigalagala



Wengi wenu mwaujua mmea uitwao mwonyi, ulio wa jamii ya kivumbasi. Ukiyafikicha majani yake, harufu kali hupanda puani, na mwenye mafua huona nafuu. Wazee wetu waliijua faida hiyo tangu zamani. Leo napenda kuwaeleza harufu hiyo ni kitu gani, na jinsi inavyotengwa na jani.

Sehemu yake kubwa ni kafuri. Majani hushindiliwa katika pipa la chuma lililofungwa barabara, juu ya maji yachemkayo. Mvuke hupenya majani, ukachukua mafuta yaliyomo, kisha hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi. Hapo mvuke hurudi kuwa maji, nayo mafuta, kwa kuwa ni mepesi na hayachanganyiki na maji, huelea juu. Yakipoa, kafuri huganda ikawa chembe nyeupe.

Kazi hii imefanywa si mbali na hapa. Kando ya Msitu wa Kakamega, wakulima wa chama cha Muliru, wakisaidiwa na kituo cha utafiti cha ICIPE cha Nairobi, waliupanda mwonyi katika mashamba yao, ikapatikana dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 chama hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta, itolewayo chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa sana. La kwanza, kafuri iliyotengwa haina upole wa jani. Iliyotawanyika katika majani mengi hukusanyika katika kijiko kimoja, na mtoto akiimeza aweza kushikwa na degedege, hata kufa. Basi ni ya kupaka, si ya kunywa, nayo iwekwe mbali na watoto.

La pili, mwonyi hukatwa majani ukachipua tena. Lakini mukombero hung'olewa mizizi, na mwiritsa hubanduliwa gome pande zote hata ukakauka. Mmea ukitoweka msituni, hakuna mtaalamu, hata awe na vyombo gani, awezaye kutenga dawa katika mmea usiokuwapo. Kwa hiyo kila atakaye dawa ya miti, na aanze kwa kupanda.