Mzee Naye Apewe cha Kutunza



Tutajapo nyumba ya kutunzia wazee, mawazo yetu huenda kwenye kitanda safi, chakula na dawa. Hayo ni ya lazima, wala asiwepo wa kuyadharau. Lakini mwaka 1991 daktari mmoja kijana, Bill Thomas, aliyehudumu katika makazi ya wazee ya Chase Memorial, huko New Berlin, jimbo la New York nchini Marekani, aliona kwamba wazee wapatao 80 waliokuwamo walipata hayo yote, na bado walinyauka. Akataja maradhi matatu yasiyo na kidonge: upweke, uchovu wa kukaa bila shughuli, na kule kujiona mtu hafai tena kwa lolote.

Tiba aliyoileta ilikuwa ya ajabu: mbwa, paka na kasuku wadogo 100! Ndege wakafika kabla matundu hayajaunganishwa, wakaachiwa waruke ndani ya chumba cha kutengenezea nywele. Wafanyakazi wakahangaika na nyaya, wazee wakitazama na kucheka. Kisha wazee wakawachukua ndege wale, wakawapa majina. Waliodhaniwa hawawezi tena kusema wakasema. Wengine waliokuwa wamejifungia wakatoka kuomba wamtembeze mbwa.

Siku hizi wako wataalamu waliosomea kutumia michezo, nyimbo na kazi za mikono kuwa tiba, nasi twawashukuru. Ila wimbo anaoimbiwa mzee aliyeketishwa kama mgeni si sawa na wimbo anaouanzisha yeye.

Mpango wa daktari huyo uliitwa kwa jina la Edeni. Naona jina hilo linafaa, kwa maana katika kitabu cha Mwanzo mtu hakuwekwa bustanini ahudumiwe tu. Alipewa kazi humo.

Kwetu wazee wengi wangali wanaishi na watoto wao. Je, tunawatendeaje? Mama aliyelea watoto saba na kulima shamba kwa mkono wake, leo tunampokonya hata ungo wa kupepetea mchele. “Bibi, wewe pumzika,” twasema, tukidhani ndiyo heshima. Mimi siioni heshima hapo. Namwona mtu aliyeachishwa kazi ya kuwa mama, bila kuulizwa.

Basi leo, kabla ya chakula cha mchana, mrudishieni ungo wake. Mchele huenda ukachelewa, na pengine kijiwe kimoja kitasalia. Mtoto mdogo naye aketi karibu yake, amwulize jinsi unavyorushwa.