Kuchagua Hedifoni za Kupigia Gitaa: Maelezo kwa Wanamuziki wa Makorora, Tanga



Tanga ni mji wenye historia ya gitaa la umeme. Bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zililivumisha jina lake katika miaka ya 1960 na 1970. Zama zile mazoezi yalihitaji amplifaya na ukumbi. Leo mpigaji aweza kujifunza chumbani kwa kifaa kidogo cha kidijiti kinachoiga amplifaya, akasikiliza kwa hedifoni, na jirani asisumbuke. Kwa kuwa fedha ya kuzinunulia hupatikana kwa jasho, tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza walaji mambo ya kupima kabla ya kulipa.

Kwanza ni sauti. Kifaa hiki huiga amplifaya pamoja na spika zake. Kazi ya hedifoni, basi, ni kuifikisha sauti hiyo kama ilivyo. Hedifoni nyingi za kusikilizia muziki hutengenezwa kwa kuzidisha besi. Mpigaji akizitumia, ataipunguza besi kwenye kifaa hadi aridhike. Siku ya onyesho, katika spika za ukumbini, gitaa lake litasikika jembamba na kali. Tafuteni zilizokusudiwa kwa kazi ya studio.

Pili ni waya. Hedifoni za Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa msikilizaji si kitu. Kwa mpigaji, kidole hutangulia na sauti hufuata, na mapigo yote huharibika. Chagueni zenye waya.

Tatu ni ulinganifu. Kifaa kidogo cha betri huenda kisiweze kuziendesha vizuri hedifoni za omu 250. Zile za omu 32 hadi 80 humfaa mpigaji wa nyumbani. Angalieni pia plagi: ni ya milimita 3.5 au 6.35?

Nne ni umbo. Zilizo wazi nyuma huvujisha sauti. Kwa nyumba zetu zenye vyumba vinavyopakana, zilizofungwa zafaa zaidi. Kwa joto na jasho la pwani, ulizeni kama mito ya masikio hubadilishwa.

Tano, na kubwa kuliko yote, ni masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikizidi hapo, muda ulio salama hupungua haraka. Masikio yakivuma baada ya mazoezi, sauti ilikuwa kubwa mno. Hedifoni zikiharibika hununuliwa nyingine; usikivu ukiharibiwa na kelele haurudi.

Mwisho, nendeni dukani na gitaa na kifaa chenu. Pigeni uzi mnene na uzi mwembamba, kisha sikilizeni pande zote mbili. Kagueni nembo na boksi, kwani bidhaa bandia hufanana na halisi. Ulizeni masharti ya dhamana na daini risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na risiti ndiyo shahidi wenu wa kwanza mkilalamika.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji akikataa msijaribu bidhaa yake, ondokeni na fedha zenu.